Steringi Aliyebaki Nje ya Mlango

Waheshimiwa wageni, wazee wetu, ndugu zangu wapenzi wa filamu,

Nimeombwa niseme machache kuhusu The Searchers, picha ya kauboi tuliyomaliza kuitazama sasa hivi. Nilikuwa nimeketi kule nyuma, na mara tu mlango ule ulipofungwa na skrini ikawa nyeusi, nilimsikia mtu mmoja akiuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mbona hakuingia?" Sikumwona aliyeuliza, lakini namshukuru, kwa sababu swali lake ndilo linalobeba filamu nzima, na nitajitahidi kuzungumza juu ya hilo bila kutangatanga.

Wengi wetu tulizijua picha za kauboi kabla hatujajua Texas iko upande gani wa dunia. Picha ilikuwa haijafika mbali tukawa tumekwisha kuulizana steringi ni yupi, na tukishamtambua tunatulia, maana steringi hafi, hakosi shabaha, hana roho mbaya, na mwisho wa picha ni lazima arudi nyumbani mshindi. Jambazi naye tulimtambua kwa uso wake tu. Huo ulikuwa mkataba kati yetu na watengenezaji wa picha, na ulitufaa sana utotoni. The Searchers, yaani watafutaji, ni filamu iliyotengenezwa na watu walioufahamu mkataba huo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wao ndio waliouandika, kisha wakaamua kuuvunja mbele ya macho yetu huku mavazi, farasi na bunduki vikibaki vilevile.

Filamu ilitoka mwaka 1956. Mwongozaji wake ni John Ford, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kutunukiwa tuzo 4 za Oscar za uongozaji, ingawa hakuna hata moja aliyoipata kwa picha ya kauboi. Hadithi ilitokana na riwaya ya Alan Le May iliyochapishwa mwaka 1954, na aliyeiandikia mswada wa filamu ni Frank Nugent. Ford hakuwa mgeni kabisa wa pande zetu, kwani miaka michache kabla ya hapo alikuja Afrika Mashariki kupiga picha ya Mogambo, iliyotoka mwaka 1953. Lakini nchi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Monument Valley, bonde la miamba myekundu lililo mpakani mwa Arizona na Utah, ndani ya ardhi ya Wanavaho, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Kisa chetu kinasemekana kutokea Texas mwaka 1868, na kwa kweli hakuna mfugaji ambaye angepata majani ya kulisha ng'ombe katika mchanga ule. Kosa hilo la jiografia mimi nalipenda, kwa sababu linatupa nchi ambamo nyumba ya mtu ni kitu kidogo mno, kibanda kimoja chenye mlango mmoja, na huko nje hakuna chochote ila upepo.

Na filamu inaanzia kwenye mlango. Mnakumbuka: giza tupu, kisha mwanamke anafungua mlango, mwanga unaingia, na kamera inamfuata taratibu mpaka barazani. Mbali kabisa anaonekana mpanda farasi mmoja. Huyo ni Ethan Edwards, akiigizwa na John Wayne, mtu ambaye watazamaji wa miaka ile walimwona kuwa ndiye steringi kuliko masteringi wote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimekwisha tangu miaka 3 iliyopita, na Ethan alipigana upande wa Kusini, yaani upande wa majimbo yaliyojitenga ili yaendelee kumiliki watumwa. Miaka hiyo 3 alikuwa wapi? Hasemi. Ana fedha mpya zisizochakaa, amezitoa wapi? Hasemi pia. Nahodha Clayton, ambaye ni mchungaji na vilevile mkuu wa askari wa kulinda mipaka, anamwambia waziwazi kwamba anafanana na maelezo ya watu wengi wanaotafutwa. Anapotakiwa kula kiapo ajiunge na msafara wa kuwafuata wezi wa ng'ombe, anakataa kwa hoja kwamba mtu hula kiapo kimoja tu, na chake alikwisha kuwapa watu wa Kusini. Kwa hiyo tangu dakika za mwanzo tunaambiwa steringi wetu ni nani, na hatufichwi kitu. Sisi wenyewe ndio tunaojificha, kwa sababu ni John Wayne, na tumezoea kumpenda.

Naomba turudi kwenye asubuhi ile inayofuata, kabla msafara haujaondoka. Nahodha Clayton amesimama katikati ya chumba, kikombe cha kahawa mkononi. Nyuma yake, kupitia mlango wa chumba kilicho wazi, tunamwona Martha, mke wa Aaron ndugu yake Ethan, akilichukua koti la shemeji yake. Halileti moja kwa moja. Analilaza mkononi na kulipapasa kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Nahodha anageuka kidogo, anaona. Kisha anayarudisha macho yake mbele, anaendelea na kahawa yake, na uso wake unakuwa kama ukuta. Ethan anapokea koti, anambusu Martha kwenye paji la uso, anaondoka, na Nahodha bado anatazama mbele kana kwamba chumbani hamna mtu.

Hakuna neno hata moja linalosemwa juu ya jambo hilo, wakati ule wala baadaye, hadi mwisho wa filamu. Lugha yetu ina neno linalomfaa Nahodha yule, nalo ni sitara. Amewasitiri. Ameona mapenzi yasiyoruhusiwa kuonekana, naye akaamua kuwa hakuyaona. Ninakaa hapa kwa muda kwa sababu naamini kwamba asiyekiona kitendo hiki kidogo cha koti hawezi kuielewa hasira ya Ethan kwa saa nzima na zaidi inayofuata. Ethan anaporudi na kuikuta nyumba inafuka moshi, haliiti jina la ndugu yake. Anaita, "Martha! Martha!" Anaiingia ghala ndogo ya kando, nasi tunamwona tukiwa ndani ya giza la ghala, yeye akiwa ni kivuli kilichoinama mlangoni, na alichokiona hatuonyeshwi. Mwanamume aliyefiwa na mke hulia, hufarijiwa, huketi matangani. Yeye hana haki ya kulia kama mjane. Kwenye mazishi anamkatiza Nahodha katikati ya sala, anamtaka aseme amina upesi, akidai kwamba hakuna tena muda wa kusali. Wapo wanaosema kwamba hapo Ethan anaonyesha ukatili wake. Mimi naona mtu aliyenyimwa msiba.

Kabla ya moto ule kuna picha moja fupi ambayo naiheshimu kuliko mapigano yote. Msafara umegundua mbali na nyumbani kwamba wizi wa ng'ombe ulikuwa hila ya kuwavuta wanaume waondoke. Martin, kijana wa kulelewa katika nyumba ile, anataka kurudi mbio pale pale. Ethan anamshusha farasi wake tandiko, kwa kuwa anajua kwamba farasi asiyepumzika na asiyepewa nafaka hatafika. Ana hesabu sahihi. Lakini anapomfuta farasi jasho, anaegemea mgongo wake na kutazama mbali, na katika macho yale tunaona kwamba anajua kinachotokea nyumbani saa ile ile. John Wayne hakuwahi kusifiwa sana kama mwigizaji wa hisia nzito. Wanaomdharau watazame hapo. Ninaona inafaa kutaja pia kwamba mwanawe aliyezaliwa mwaka 1962 alimpa jina la Ethan.

Aaron, Martha na mtoto wao wa kiume wameuawa, na wasichana wao wawili, Lucy na Debbie, wametekwa na Wakomanchi, kabila jingine la wenyeji wa asili. Lucy anapatikana akiwa maiti siku chache baadaye, na Ethan anamfunika kwa koti lake na kumzika kwa mikono yake, hasemi kitu mpaka alazimishwe kusema. Anabaki Debbie, mtoto mdogo. Kumtafuta kunachukua miaka 5, na ni hapa ambapo filamu inatushika pabaya. Kwa Kiswahili cha pwani Ethan ni ami yake Debbie, na ami kwetu ni baba. Ami anayezunguka jangwani misimu kwa misimu, kwenye theluji na kwenye jua, akimtafuta binti wa ndugu yake, ni mtu ambaye kila ukoo ungemwombea dua. Tunamshangilia. Kisha, kidogo kidogo, tunaanza kutambua kwamba anamtafuta ili amuue. Debbie amekua, sasa ni mke katika nyumba ya chifu aitwaye Scar, na kwa Ethan binti aliyeishi na Wakomanchi si binti tena. Uvumilivu tuliousifu ndio ule ule unaoipeleka bunduki mbele, na filamu haitupi mahali pa kuvitenganisha viwili hivyo.

Chuki yake si chuki ya mtu asiyejua. Tumezoea kusema kwamba watu huchukiana kwa kutofahamiana, na mara nyingi ni kweli. Ethan anazungumza Kikomanchi. Anajua desturi zao, njia zao, imani zao. Wanapoikuta maiti ya Mkomanchi chini ya jiwe, anaipiga risasi machoni mara mbili, na Nahodha anapomuuliza faida yake, anaeleza kwamba kwa dini yetu haina faida, lakini kwa imani ya Mkomanchi, asiye na macho hawezi kuingia nchi ya roho, atatangatanga milele kati ya pepo zivumazo. Anaitumia elimu yake kumfuata adui hadi kaburini. Baadaye anawafyatulia risasi nyati mmoja baada ya mwingine, kwa pumzi za kichaa, ili watoto wa Wakomanchi wakose chakula wakati wa baridi. Na kumbukeni lile kaburi la bibi ambako Debbie alijificha usiku wa shambulio. Aliye makini husoma kwenye jiwe lake kwamba mama yake Ethan aliuawa na Wakomanchi mwaka 1852. Picha inapita upesi, haitafsiriwi. Hiyo inatupa sababu, na sababu si udhuru.

Kinachozuia filamu isiwe hadithi ya kisasi tu ni Martin Pawley, aliyeigizwa na Jeffrey Hunter. Damu yake ni sehemu ya nane ya Cherokee, nao pia ni wenyeji wa asili, na Ethan anamkumbusha jambo hilo kila anapopata nafasi, ingawa ni Ethan mwenyewe aliyemwokota akiwa mtoto mchanga baada ya wazazi wake kuuawa. Martin anamwita ami. Ethan anamkataza: mimi si ami yako, wala usiniite bwana, niite Ethan. Miaka inapita, na Ethan anaandika wosia wa kumwachia Martin mali yake yote kwa hoja kwamba yeye hana ndugu wa damu. Martin anaukataa, anaona haya kuurithi wosia unaomfanya Debbie kama amekwisha kufa. Huyu kijana asiye na damu ya ukoo ndiye anayesimama mbele ya bunduki ya Ethan, mikono ameitandaza, Debbie akiwa nyuma yake. Sote tuliolelewa na watu wasiotuzaa tunajua uzito wa kitendo hicho.

Huruma ya filamu haikugawiwa sawa, na ingekuwa aibu kusimama hapa nikalificha hilo. Scar ameigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani. Wakomanchi wengine waliigizwa na Wanavaho, wakizungumza Kinavaho, na kwa mtengenezaji wa picha wa zama zile hilo halikuwa jambo la kuulizwa. Kuna pia yule mwanamke aitwaye Look, ambaye Martin anamwoa bila kujua anachofanya, na watazamaji wanatakiwa wacheke anapofukuzwa kwa teke kutoka kitandani. Mimi sicheki, na leo nilisikia kwamba nanyi mlinyamaza. Lakini ni filamu hiyo hiyo inayotupeleka baadaye kwenye kijiji kilichochomwa na askari wa farasi wa serikali, na tunamkuta Look amelala amekufa katika hema. Martin anauliza kwa nini walimuua, yeye hakumdhuru mtu, na hakuna anayemjibu. Ford alimfanya mwanamke yule kichekesho, kisha akatuonyesha maiti yake. Sidhani kwamba la pili linafuta la kwanza. Yote mawili yamo, na atakayeisifu filamu hii ayabebe yote mawili.

Scar naye, pamoja na kupakwa rangi na kupewa maneno machache, hakuachwa bila sababu. Anasema wanawe wawili waliuawa na wazungu, na kwa kila mwana amechukua ngozi nyingi za vichwa. Tazameni alivyokutana na Ethan, uso kwa uso, wanaume wawili wenye kimo kimoja. Ethan anamwambia kwamba anazungumza Kimarekani vizuri, je, kuna aliyemfundisha? Muda mfupi baadaye Scar anamrudishia swali lile lile kuhusu Kikomanchi chake. Shingoni amevaa medali ambayo Ethan alimpa Debbie siku ile ya kwanza. Ni kama mtu anayejitazama katika kioo na kukichukia kioo. Na mwisho Ethan hapati hata kisasi chake, kwa kuwa Martin ndiye anayemuua Scar. Ethan anaikuta maiti, anatoa kisu, anaichuna ngozi ya kichwa. Steringi wetu amefanya hasa kile alichowachukia wenzake kwa kukifanya.

Mambo haya hayakutoka hewani. Mwaka 1836, huko Fort Parker, Texas, msichana wa miaka kama 9 aitwaye Cynthia Ann Parker alitekwa na Wakomanchi. Ami yake, James Parker, alimtafuta kwa miaka mingi bila kumpata. Yeye alikua, akaolewa na Peta Nocona, akazaa, na mwanawe mmoja, Quanah Parker, akawa kiongozi mkubwa wa Wakomanchi. Mwaka 1860 askari wa Texas walimrudisha kwa nguvu kwa ndugu zake wazungu, na sherehe ikawa ya upande mmoja tu. Alijaribu kutoroka arudi kwa wanawe. Binti mdogo aliyerudishwa naye akafariki. Naye akafa na majonzi yake. Nikimkumbuka Cynthia Ann, ninashindwa kulisikia neno "kuokolewa" kama nilivyolisikia utotoni. Debbie anamwambia Martin kwamba hawa sasa ndio watu wangu, ondokeni. Filamu inamsikia, kisha inamchukua vilevile.

Mwaka ilipotoka, picha hii haikuteuliwa kuwania Oscar hata moja. Mwaka 2008 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, iliitangaza kuwa filamu bora kuliko zote za kauboi. Mimi sioni ajabu kwamba ilichukua muda. Watu walikwenda kumtazama steringi, na walirudi nyumbani wakiwa wamemwona, kwa sababu bonde ni zuri, farasi wanakimbia, na muziki wa Max Steiner unakubeba. Ilihitaji kuitazama mara ya pili ili moyo uingiwe na baridi.

Sasa nifike kwenye pango. Debbie anakimbia kuteremka kilima, Ethan yuko juu ya farasi nyuma yake, na Martin anapiga kelele za kumzuia bila mafanikio. Tunajua anachokuja kufanya. Ametuambia kwa miaka 5. Debbie anaanguka kwenye mdomo wa pango, anajikunyata. Ethan anashuka, anamshika, na anamwinua juu kwa mikono yote miwili, juu kabisa ya kichwa chake. Ni kama vile alivyomwinua siku ya kwanza aliporudi kutoka vitani, wakati Debbie alikuwa mtoto wa kubebwa. Kisha anamshusha kifuani mwake na kusema, "Twende nyumbani, Debbie." Basi. Hatoi maelezo, haombi msamaha, na Ford hakumpa kipande cha maongezi cha kutueleza kilichobadilika. Jean-Luc Godard, mwongozaji wa Ufaransa ambaye siasa za John Wayne zilimchukiza, alikiri kwamba alipomwona akimchukua msichana yule mikononi alimpenda kwa upole. Mimi nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichomgeuza, na naegemea kuamini kwamba ni mikono. Mikono ilikumbuka uzito wa mtoto kabla akili haijatoa amri. Wengine wataona vingine, na filamu imeacha nafasi hiyo kwa makusudi.

Ndipo tunarudi kwenye mlango, na kwa ndugu yangu aliyeuliza. Wazee Jorgensen, majirani wa kina Edwards, wanampokea Debbie na kuingia naye ndani. Mzee Mose, ambaye wote walimwona punguani, na ambaye malipo pekee aliyoyaomba kwa msaada wake ni paa juu ya kichwa na kiti cha kubembea, amekwisha kukaa kwenye kiti chake barazani. Ethan anapiga hatua kuelekea mlangoni. Anasimama, anapisha, Martin na Laurie, binti wa Jorgensen, wanampita na kuingia. Hakuna aliyemwambia abaki nje. Hakuna aliyemwambia aingie pia. Anashika kiwiko cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, ishara ambayo ilikuwa mtindo wa mwigizaji Harry Carey, rafiki wa Ford na wa Wayne aliyefariki mwaka 1947, na mwanamke aliyeingia ndani na Debbie muda mfupi kabla, Bi Jorgensen, aliigizwa na Olive Carey, mjane wake. Kwa hiyo John Wayne aliutoa mkono ule kwa marehemu, mbele ya mkewe. Kisha anageuka na kuondoka kwa mwendo wake ule wa kuyumba, mchanga unapeperuka miguuni mwake.

Tangu mwanzo Ethan alitueleza, juu ya maiti ile, ni mtu wa namna gani asiyeweza kuingia na ambaye ni lazima atangetange kati ya pepo. Sitaki kudai kwamba alikuwa anajitabiria, lakini Ford alitaka tuyakumbuke maneno hayo wakati upepo unapovuma pale. Nadhani Ethan hakuingia kwa sababu alipoutazama mlango ule aliona ndani yake watu watakaoishi na Debbie jinsi alivyo, na Martin jinsi alivyo, na alijua kwamba yeye, kwa mtu mmoja na kwa siku moja, aliweza. Kuhusu kesho yake hakuwa na hakika. Mlango hausukumwi na mkono wa mtu yeyote tunayemwona. Unajifunga tu, polepole, nasi tuko upande wa ndani.

Ndugu uliyeuliza, kipaza sauti kinakuja kwako.